Mwani wa Nusu Bei

Jumatano ndiyo siku ya ofa. Maduka ya vyakula asilia ya Johannesburg hubandika bei mpya asubuhi hiyo, na Najma huingia duka la Rosebank mlango ukifunguliwa tu, kikapu mkononi, miwani ya kusomea puani. Akitoka hapo huenda Melville, kisha humalizia Sandton karibu na kituo cha treni ya kasi. Sandton hanunui kitu, hutazama tu, maana bei za pale zimewekewa watu wasiotazama bei. Akishamaliza hukaa kwenye benchi la nje, akarekodi sauti yake na kuituma kwenye kundi la wasapu liitwalo Nafuu ya Wiki.

Mambo haya yalianza pale mumewe Ahmad alipogunduliwa kuwa na sukari na daktari akamkataza sembe nyeupe. Najma, ambaye kazi yake hasa ni kushona mashungi katika duka la Msomali mmoja huko Mayfair, akajikuta anatafuta unga wa wimbi, mtama, mlonge, ubuyu. Vitu ambavyo kwao Unguja mtu angeona haya kumwekea mgeni, huku vimetiwa kwenye mifuko mizuri ya karatasi na kuuzwa kwa bei ya dawa! Alikasirika wiki nzima, kisha akaanza kulinganisha. Kulinganisha alikujua. Mama yake alimfundisha kupatana bei kabla hajamfundisha kusuka ukili, na tangu hapo mdomo wake haujawahi kukubali bei ya kwanza ya mtu yeyote.

Kundi likakua. Waliingia Watanzania wa Mayfair, wakaingia akina mama wa Kikongo, wakaingia Wakenya wa mabenki na vyuo vikuu. Huyo Lorraine, kwa mfano, Mkenya wa benki moja ya Sandton, alikuwa na uwezo wa kununua rafu nzima asihisi kitu, na ndiye aliyekuwa mkali wa nafuu kuliko wote. Najma akichelewa kutuma sauti, Lorraine ndiye wa kwanza kuuliza kulikoni.

Watu wa bidhaa, wale waliozilima na kuzivuna huko kwao, walikuwepo madukani siku zote. Kando ya asali alikaa mzee wa Tabora, nguo zake zikinuka moshi wa kufukuzia nyuki. Kando ya mlonge alikaa mama mmoja wa Kitui aliyependa kusinzia. Bei ikishuka, nao walipungua kimo. Bei ikipanda walirudi kidogo, ila si sana. Wateja walisema samahani, wakapitisha mkono juu ya vichwa vyao, wakachukua walichotaka. Najma naye alifanya hivyohivyo miaka yote, na mzee wa asali alimsalimia kwa heshima kila alipopita, kama anavyosalimiwa mtu yeyote.

Sasa Jumatano hiyo, kwenye rafu ya mwani pale Rosebank, alikuwa amekaa mama yake.

Alikuwa na kimo cha mtoto anayeanza shule. Kanga yake ilikuwa imerowa hadi mapajani na maji ya chumvi yalimdondoka miguuni yakalowesha rafu ya chini, ambako mfanyakazi alikuwa ameziondoa mbegu za maboga zisiharibike. Mgongoni mwake zilipangwa pakiti za mwani uliosagwa, zenye picha ya bahari ambayo si ya kwao. Juu yake kilining'inia kibandiko chekundu cha punguzo.

"Shikamoo, mama," Najma akasema, akaushika ule mkono mdogo wenye unyevu na kuubusu.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Umefika lini?"

"Jana. Wameshusha bei, nami nikashuka nayo. Nilikuwa nafunga kamba, maji yamenifika hapa, mara nikajiona nimekaa ubaoni. Lakini baridi ya huku si mchezo! Huyo mwenzangu wa asali ndiye aliyeniazima koti."

Mama yake, Biubwa binti Ameir, amelima mwani pwani ya mashariki ya Unguja tangu Najma yuko tumboni. Kupigilia vigingi, kufunga vipande vya mwani kwenye kamba, kuvuna, kuanika, kufunga magunia, yote kwa mikono yake. Kazi hiyo inataka bamvua, wakati maji yanapokupwa mbali na shamba linafikika kwa miguu. Asiyekuwepo bamvua likija, mwani wake hukatika ukachukuliwa na mawimbi, na vigingi vyake hurithiwa na mwingine. Hakuna wa kumlindia mtu shamba la baharini.

"Nataka nirudi kabla ya bamvua," Biubwa akasema. "Nikikosa hili, shamba si langu tena."

Najma alimkamata makwapa ili amteremshe. Hakuteremka. Alikuwa na uzito wa pakiti zote zilizokuwa nyuma yake, na zilikuwa nyingi. Mama yake akamwambia asijiumize kiuno bure, kwani mzee wa asali alishamweleza utaratibu. Zikiisha pakiti, mtu huachiwa.

Basi Najma akatoka nje mbio, akakaa kwenye benchi, wala hakwenda Melville siku hiyo. Aliona jambo lenyewe ni rahisi. Kundi zima linamsikiliza yeye. "Jamani, Rosebank," akarekodi. "Wiki hii ni Rosebank tu. Mwani wao hauna mfano, na bei yake hamtaiona tena. Nendeni mkaununue wote, leo hii."

Hata dakika kumi hazikupita, sauti ya Lorraine ikaingia. "Aki Najma, leo umetuangusha. Mimi nimepita Melville saa hii, na wako na mbili kwa moja. Watu wangu, msiende Rosebank mtaibiwa. Ni Melville!"

Wakaenda Melville. Huko kwenye mwani alikaa Zuhura, jirani yake Biubwa, mwenye shamba la kupakana naye, na jioni yake Zuhura alikuwa ameshafikia urefu wa chupa ya soda. Rosebank nao hawakulala. Siku iliyofuata waliikata bei ya mwani wao kwa nusu. Najma alipofika aliona mama yake ameweza kujilaza ndani ya kikapu cha ndimu, na lile koti la kuazimwa limemfunika mara mbili.

Hasira zilimpanda Najma hadi masikio yakawaka. Alimpigia Lorraine simu palepale, amesimama kati ya chumvi ya mawe na mafuta ya nazi.

"Lorraine, huyo aliyekaa kwenye mwani wa Rosebank ni mama yangu mzazi."

"Woi, ni mamako? Yule mdogo mdogo? Kumbe ndiyo maana mnafanana. Nikipita nimsalimie?"

"Usimsalimie! Nunua mwani uishe, arudi kwao."

"Kununua nitanunua, Najma, mbona unanifokea? Nilikuwa nangoja tu ishuke kidogo tena. Wakishaanza kushusha hawa watu, wiki ijayo lazima washushe. Si ni wewe ulitufundisha?"

Najma akakata simu. Alisimama pale akiwa hajui amtukane nani kwanza. Na kibaya zaidi, Lorraine alikuwa amesema kweli. Ni yeye Najma aliyewafundisha kungoja. Ni sauti yake iliyowatoa watu duka hili ikawapeleka lile, na kila walipohama, duka lililoachwa lilikata bei ili warudi. Alijiona mjinga, na ujinga ule ulimuuma kuliko jino.

Jumatano iliyofuata alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja. Meneja wa Rosebank ni Omollo, Mkenya, mtu mpole mwenye tai na meno mazuri. Walianza kwa Kiingereza, kisha Omollo alipomsikia anaita mungu wake kwa Kiswahili, akafurahi, akamvutia kiti.

"Madam, kumbe ni wewe! Kila Jumatano tunakusikiliza hapa ofisini. Mimi niko kwenye lile kundi. Ukisema tu Melville, mimi nashusha kabla ya saa sita."

"Na mkishusha, hasara anapata nani?"

"Sisi hapana," Omollo akasema, naye alisema kwa nia njema, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mkataba uko wazi. Duka linamkata msambazaji, msambazaji anamkata mnunuzi wa kule, na mnunuzi sasa anamkata..." Akatafuta neno.

"Mama," Najma akamsaidia.

"Mama, eeh."

"Basi huyo mama ni wangu, na nimekuja kumchukua."

"Eish, hapo sasa. Yeye ni sehemu ya bidhaa, madam. Siwezi kumtoa peke yake, hesabu zitanikataa. Lakini hebu ngoja." Akachungulia dirishani. "Zimebaki pakiti za boksi moja tu. Ukichukua boksi lote, unaondoka naye. Hata mfuko wa kubebea nitakupa bure."

Akataja bei. Najma alikuwa nayo. Aliitoa asubuhi ile kwenye akiba ya cherehani mpya, akaiweka ndani ya sidiria, na ilitosha, na ikabaki. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya isipokuwa kulipa. Lakini walikuwa wanazungumza Kiswahili sasa, mtu na mtu, ana kwa ana, na bei ilikuwa imetajwa. Mdomo wa Najma haukumngoja.

"Ghali hiyo, kaka. Nipunguzie."

Omollo hajapatana bei na mteja hata siku moja tangu avae tai. Duka lake ni la bei zilizobandikwa. Ila naye amelelewa na muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa Kisumu, na neno lile lilimgusa mahali ambapo hapajaguswa siku nyingi. Akatabasamu, akaegemea kiti.

"Sasa wewe unatoa ngapi?"

Najma akataja. Omollo akacheka, akasema hiyo hata mifuko haitoshi. Najma akaongeza kiduchu. Omollo akashuka kiduchu, akaapa kwa kichwa cha mtoto wake kwamba hapo ndipo mwisho. Najma akasimama, akatundika mkoba begani, akamwambia basi hakuna neno, kheri hata huyo wa Melville, akaufikia mlango.

"Rudi, madam, rudi! Wewe ni mtu wa nyumbani. Chukua."

"Na nyongeza?"

"Chukua na limau moja. Sharp?"

"Sharp."

Wakapeana mikono. Ilikuwa tamu, jamani, asiseme mtu. Kwa muda ule mdogo hapakuwa Rosebank wala Johannesburg, na Najma alitoka mle ofisini akiwa na furaha ambayo hajaipata tangu ahamie mji huu. Furaha hiyo ilimdumu mpaka kwenye rafu.

Mfanyakazi alikuwa ameshapanga pakiti kwenye boksi. Juu ya kifuniko alisimama Biubwa, na urefu wake ulikuwa wa kidole cha shahada. Koti la mzee wa asali lilikuwa limeanguka chini na kanga yake sasa ilikuwa kama kipande cha kibandiko. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi muda wote na alisikia kila kitu.

"Umepatana vizuri, mwanangu," akasema kwa kusifu, na Najma alilazimika kuinama ili amsikie. "Ile ya kujifanya unaondoka ndiyo iliyommaliza."

Najma alirudi ofisini anapiga kelele. Alitaka alipe bei ya kwanza, alitaka alipe mara mbili, alizimwaga noti zote mezani kwa Omollo na nyingine zikaanguka sakafuni. Omollo alimwokotea, akamrudishia zote. Alisikitika, kweli kabisa, lakini mashine ilikuwa imeshatoa risiti, na bei ikishaingia kwenye mashine haipandi kwa sababu mteja analia.

Nyumbani kwao Mayfair walimweka juu ya mto wa kochi. Ahmad alimwamkia mkwewe kwa adabu zote, macho yake yakitazama pembeni kama inavyopasa, akamtandikia leso safi ya kusalia. Biubwa alikula punje za wali na tui, akasifu mkono wa bintiye, kisha akauliza habari za safari. Najma akamsihi abaki. Akamwambia huku kuna hospitali, kuna msikiti nyuma tu ya nyumba, na mtu wa kimo kile ataweza vipi kupigilia kigingi?

"Vigingi vimo tayari," Biubwa akasema. "Mimi nataka niwahi bamvua. Hivi mwanangu, unafikiri nikikaa hapa nitakuwa mrefu?"

Ishaka, mfanyabiashara anayekwenda Dar kila mara na mizigo ya viatu, alimchukua kwenye mfuko wa shati wenye kifungo. Uwanja wa ndege walimuuliza kama ana bidhaa ya kutangaza, akasema ana mtu mfukoni. Wakamwambia mtu si bidhaa, apite.

Najma alitoka kwenye kundi. Kabla hajatoka aliwarekodia sauti ndefu kuliko zote alizowahi kutuma, akawaambia kila kitu, wa asali, wa mlonge, wa mwani, na kwamba hakuna duka hata moja linalomgawia mtu nafuu kutoka mfukoni mwake, ile nafuu imekatwa kwenye mwili wa mtu, na yule mtu wanamwona kwa macho yao, wanamwambia samahani. Alisema mpaka sauti ikamkauka. Lorraine alijibu kwamba imemgusa sana, na akauliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kushika zamu ya Jumatano. Akajitokeza mmoja.

Bamvua likaja, likapita, na mengine baada yake. Ndipo ilipofika sauti ya mama yake, imerekodiwa kwa simu ya Zuhura. Najma aliisikiliza akiwa kwenye cherehani, shungi la bibi harusi limelala mapajani.

"Mwanangu, nimewahi. Nimefunga mwani wangu wote. Kamba zimenishinda, nafunga kwa uzi, kipande kimoja asubuhi, kimoja jioni, na nikimaliza najishikiza kwenye kigingi maji yasinichukue. Nikavuna, nikaanika. Zuhura, walimwachia pakiti za Melville zilipoisha, kanisaidia kubeba, ingawa naye ndiyo vile tena. Kaja mnunuzi, kanitazama, kacheka. Kasema, Bi Biubwa, mtu wa kimo chako anakula punje tatu akashiba, ushungi wako ni kipande cha kitambaa, sasa pesa zote hizi za nini? Malipo yako tutayalinganisha na kimo. Mimi nikamwambia, mwani ni uleule, gunia ni lilelile, kazi ni ileile. Akanambia kazi haili, anayekula ni wewe. Basi kakata. Nisalimie Ahmad."

Najma akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alimlaani mnunuzi, akamlaani na msambazaji, akalilaani duka, akailaani siku ya Jumatano. Alimwomba Mwenyezi Mungu awapunguze wote mpaka wapite tundu la sindano aliyokuwa ameishika. Msomali mwenye duka alimngoja atulie, akamletea maji ya kunywa, akamkumbusha taratibu kwamba lile shungi linatakiwa Ijumaa.

Jumatano alikwenda Rosebank. Mnunuzi alikuwa amekata kwa mama, kwa hiyo msambazaji alipata nafasi, na duka likapata nafasi. Kibandiko cha mwani kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Ilikuwa nusu bei, na juu ya nusu hiyo ilikuwa mbili kwa moja. Mbele ya pakiti palikuwa patupu.

Najma akavaa miwani, akapiga magoti. Ilimchukua muda. Kwenye ukingo wa ubao palikuwa na tone la maji, na ndani ya tone alisimama mtu mdogo kuliko punje ya ufuta.

"Shikamoo, mama."

Akaweka sikio ubaoni. Hakusikia neno. Wateja walianza kumzunguka, na Omollo akaja, akamwinamia, akataka kujua tatizo. Najma akamwonyesha. Omollo alitazama vizuri, hata taa ya simu aliwasha, maana si mtu mbaya.

"Pole, madam," akasema. "Lakini mimi hapa sasa sioni mtu."

"Yupo!" Najma akapiga ukelele hadi mizani ya karanga ikatikisika. "Yupo! Biubwa binti Ameir! Na mwani huu wote ni wake!"

Duka zima likageuka. Bwana mmoja aliyekuwa amekwishashika pakiti hakutaka kumkata kauli mtu mwenye uchungu. Akasimama kwa heshima mpaka alipomaliza. Kisha akaitia pakiti kikapuni, akanyoosha mkono, akachukua na ile ya bure.